Sukuma ya Soko

Nekesa mjukuu wangu,

Huku Kamukuywa tuko wazima. Babu yako amepona mguu, na ng'ombe amezaa ndama jike.

Umeniuliza, "Kukhu, kwa nini ulinirudishia ile sukuma wiki niliyokununulia Kitale?" Niliirudisha kwa hasira, na hasira bado ninayo.

Nikiwa msichana, nilifanya kibarua kwa mama mmoja hapo Kitale. Shamba lake lilinyweshwa na mtaro wa maji ya vyoo vya mji, na sukuma yake ilikuwa na majani mapana, ya kupendeza. Saa ya chakula ilipofika, nikaanza kuchuma ya kupika. Akanipiga mkononi.

"Wee! Hiyo ni ya soko. Yetu iko nyuma ya jikoni, tunaimwagilia maji ya kisima."

Ati ya soko! Kwani wanaonunua sokoni si watu? Hata ng'ombe wangu simpi maji hayo!

Mtaro bado uko, na mashamba kando yake yameongezeka. Kwa hivyo usimwulize mwenye shamba kama mboga yake ni safi, maana atakwambia ni safi. Mwulize ile ya watoto wake ameipanda wapi.

Kukhu yako