Mkunga wa Kinyonga

Jumatatu, 4 Machi

Kuanzia leo mimi ndiye mkunga bingwa wa vinyonga katika mtaa huu, mtaa wa pili na mitaa yote hadi lami inapokwisha. Shule niliiacha kabla haijaniacha, sawa. Lakini daktari gani mwenye vyeti ukutani amewahi kumlisha kinyonga mjamzito kwa mkono wake? Atajwe! Mimi nimelisha leo. Nyenje wanne.

Ilivyokuwa: Dada amerudi kliniki na uso mrefu. Mimba miezi saba, miguu imevimba, ameambiwa alale. Asisimame sana, asiiname, asiende kufundisha. Mwalimu wa baiolojia umkataze kufundisha! Tangu saa nne yuko kitandani anatufundisha sisi. Mimi na Shemeji tumesimama mlangoni kama wanafunzi waliochelewa.

Sasa, Bi Harusi ataangaliwa na nani? Bi Harusi ni kinyonga wa Dada. Jina nimempa mimi, maana anabadilisha nguo mara sita kwa siku. Naye ana mimba — tumbo limejaa mayai, ukimtazama ubavuni unayaona yamejipanga kama maharage mfukoni. Nyumba moja, wajawazito wawili!

Dada akamtazama mumewe. Shemeji ni fundi wa kuchomelea vyuma, cheche zinamrukia usoni hata hapepesi. Kizimba cha Bi Harusi amekiunda yeye. Lakini kumshika? Thubutu! Ati macho yake. "Moja linaniangalia mimi, jingine linatafuta pa kunizika." Nilicheka nikakaa chini.

Basi kazi imeniangukia. Masharti: taa yake iwake mchana kutwa. Majani yanyunyiziwe maji. Na kubwa kuliko yote, unga. Ni unga wa kalsiamu, mweupe, uko kwenye kopo la kifuniko cha bluu. Kila asubuhi wapakwe nyenje wa asubuhi hiyo tu. Dada akaeleza: mayai yanataka kalsiamu, na mama asipoipata kwenye chakula, mwili unaing'oa kwenye mifupa yake mwenyewe. Mikono itatetemeka. Atashindwa kuyasukuma mayai. Atakufa nayo tumboni. Alipofika hapo alishika tumbo lake mwenyewe, sauti ikashuka. Yeye naye anameza vidonge vya kalsiamu, vikubwa kama vifungo vya koti.

"Nakuamini wewe," akasema. Sijazoea kuambiwa hivyo. Nikajikuna shingo.

Kazi yenyewe rahisi! Unatia nyenje kwenye mfuko wa plastiki, unga kidogo, unatikisa. Wanatoka weupe kama vibarua wa mashine ya kusaga. Unamshika mmoja kwa kibanio, unamsogeza. Bi Harusi anatafakari… anatafakari… anatafakari… unakaribia kulala — fyap! Ulimi mrefu kuliko mwili wake! Nikapiga kelele kama tumefunga goli. Shemeji huko nje akaangusha nyundo.

Jumanne, 5 Machi

Kinyozini nimetangaza. Bosi wangu tunamwita Wembe, kwa ulimi wake, si kwa kunyoa. Nikamwambia mbele ya wateja: kuanzia sasa niheshimiwe, mimi ni mkunga.

Wembe: "Mkunga wa nani?"

"Wa kinyonga."

Mteja aliyekuwa kwenye kiti akatikisika mpaka mashine ikala mstari wa mbele. Ikabidi anyolewe kipara! Na bado anacheka. Ati aje lini kumpa mzazi hongera, na mtoto akizaliwa atafanana na nani — maana rangi ya mama haijulikani. Nikamjibu: afadhali Bi Harusi, rangi zake nzuri zote, wewe unayo moja na umeichosha.

Hapo hata Wembe akanipa tano.

Ila akaniambia pembeni: leo umechelewa robo saa. Mkunga au si mkunga, duka linafunguliwa saa moja.

Alhamisi, 7 Machi

Siku ya leo nitawasimulia wajukuu!

Asubuhi nilikuwa na haraka. Nikawatia nyenje mfukoni, nikatikisa kwa nguvu kama ninayechanganya dawa, na mfuko ukapasuka chini. Nyenje wanane weupe pe wakatawanyika sebuleni. Wawili niliwakamata. Mmoja alikwenda kwa miguu yake mwenyewe hadi kwa Bi Harusi, akapigwa fyap, hilo likaisha. Watano wakatokomea.

Shemeji akaja kuvaa buti za kazi.

Sijui niandike nini. Buti lilikwenda darini. Shemeji alikwenda juu ya meza. Mtu mwenye kilo tisini! Nyenje mweupe amekaa kwenye soksi yake, anaimba. Shemeji anapiga yowe, "Mzimu! Mzimu wa mdudu!" Dada kule chumbani anauliza kuna nini, namjibu hakuna, ni mume wako amepanda cheo. Dada alicheka mpaka akaomba tuache, mtoto anapiga mateke. Tukaenda wote tukaweka mikono tumboni. Kweli! Teke la nguvu. Nikasema huyo ni mshambuliaji. Shemeji akasema huyo anamkimbia nyenje.

Nimechelewa tena. Nusu saa. Wembe hakucheka.

Jumapili, 10 Machi

Leo nimevumbua. Akili hii ingezaliwa kwa tajiri, tungekuwa tunasafiri kwa ndege.

Fikiria: kila asubuhi kutoa nyenje, kutafuta mfuko, kutia unga, kutikisa, kukimbiza waliotoroka. Robo saa nzima inapotea! Na Wembe amesema nikichelewa mara nyingine kiti changu anampa mpwa wake, yule asiyejua kushika hata chanuo.

Basi nimewaweka nyenje wote wa wiki kwenye ndoo yao, pamoja na zile trei za mayai ya kuku wanamojificha. Nikachukua brashi ya shingo niliyoazima kinyozini. Nikachota unga, nikawapaka wote kwa mpigo. Mgongo, mbavu, miguu. Wengine nimewapaka hadi masharubu! Ndoo nzima ikawa kama imeangukiwa na mawingu. Sasa asubuhi nanyoosha mkono tu, natoa wanne, nampa Bi Harusi, nimeondoka. Dakika tatu!

Wiki nzima kwa siku moja. Nani mwingine angewaza?

Dada sikumwambia. Uvumbuzi hautangazwi mapema, wataiba.

Jumatano, 13 Machi

Nimewahi kazini siku tatu mfululizo. Wembe ameuliza kama naumwa.

Dada ameniita akauliza, unga unampa vizuri? Nikamwambia, Dada, nyenje wangu wanapakwa kuliko maharusi. Akacheka. Akasema hajui angefanyaje bila mimi, kwamba nikiwa mdogo sikuwa namaliza kitu nilichoanza, na sasa angalia. Nikatoka nikitembea kwa madaha. Shemeji akaniuliza kwa nini nimevimba.

Jumamosi, 16 Machi

Bi Harusi amekosa shabaha! Ulimi umetoka nusu, ukarudi mtupu. Nikamtania: mama, umelewa? Mara ya pili akakosa tena. Nyenje anamtazama tu, hata hakujisumbua kukimbia. Mwisho nimemwekea mdomoni kabisa.

Nadhani ni uzito wa mimba. Dada naye jana alidondosha kikombe.

Mkono wa mbele wa Bi Harusi unacheza kidogo akishika tawi. Labda baridi. Nimesogeza taa.

Jumapili, 17 Machi

Nimepaka ndoo ya wiki. Brashi imebaki na nywele za watu, nimezitoa.

Kala wawili tu leo. Amevaa nguo ya giza, kijani cha kuungua. Ndoo yake ya mchanga wa kutagia iko tayari, nimeilowesha, nimeishindilia, shimo la kuanzia nimemchimbia mwenyewe kwa kijiko. Hateremki. Nimemwambia akitaga leo, jina la binti wa kwanza achague yeye.

Jumatatu, 18 Machi

Ameanguka.

Saa kumi na mbili unusu nimemkuta sakafuni mwa kizimba, chali, mikono inatetemeka kama mtu aliyeshika waya. Nikamweka kwenye tawi, vidole havishiki. Dada kutoka kitandani hakuambiwa na mtu, ametokea tu, miguu ile imevimba, amesimama na kanga. Hakunifokea. Ingekuwa afadhali.

Daktari wa mifugo amekuja saa nane. Mama mmoja mfupi, buti za mpira, mikono inanuka ng'ombe, ila kumshika Bi Harusi alimshika kama yai. Akampapasa tumbo. Akatazama taa, akasema taa nzuri. Akatazama kopo la unga, akasema ndio wenyewe. Akaniuliza mimi: "Nyenje unawapaka lini, kijana?"

Dada ananitazama. Shemeji ananitazama.

"Kila asubuhi, Daktari. Kabla tu ya kumlisha. Sijakosa hata siku moja."

"Kweli?"

"Huyu hakosi," akasema Dada. "Huyu kwa hilo namtetea mimi."

Daktari akafikiri. Akasema, kama unga anaupata kila siku na taa ni nzima, basi tatizo si kalsiamu. Ingekuwa kalsiamu angempa ya maji kwa sindano, siku chache, akipata nguvu angetaga mwenyewe. Lakini kwa maelezo haya, ni mayai yamekwama. Itabidi ampasue. Jumatano saa tatu. Akasema wazi kwamba kwa mama mdogo kiasi hiki, aliyechoka hivi, wengi huwa hawaamki baada ya dawa ya usingizi. Ila kumwacha na mayai yaliyokwama ni kumwua taratibu.

Dada alilia bila sauti. Mimi nilimsindikiza daktari hadi kwenye pikipiki, nikambebea mkoba, nikamwambia safari njema.

Jumanne, 19 Machi

Kinyozini leo, mchana. Asubuhi nilimnyoa jamaa mmoja, nikampaka poda shingoni, nyeupe, akaondoka. Saa sita akarudi, kasahau funguo. Shingo yake safi, kavu, kama hajawahi kupakwa kitu. Nikamtania: Bwana, poda yangu umeipeleka wapi? Akasema imebaki kwenye kola, kwani ulidhani nitazikwa nayo?

Watu wakacheka. Mimi nilibaki na mashine inaunguruma mkononi, hainyoi mtu. Wembe akauliza kulikoni. Nikamwambia naenda nyumbani. Akaniambia ukitoka usirudi. Nikatoka.

Nimefunua ndoo. Nilikuwa nafunua kila asubuhi, natia mkono, natoa wanne, nakimbia — sijawahi kuinama nikatazama. Leo nimeinama. Niliwapaka juzi tu, Jumapili. Wako weusi. Weusi wanang'aa kama viatu vya askari. Mmoja alikuwa amekaa ukingoni mwa trei, anavuta sharubu lake mdomoni, taratibu, kuanzia shina hadi ncha, kama mshonaji anayelainisha uzi. Akamaliza la kulia, akaanza la kushoto. Kisha miguu. Wanaoga! Kwa saa chache tu wanajisafisha unga wote. Uliobaki uko chini kabisa ya ndoo, umechanganyika na mavi yao, tabaka zima, wa wiki mbili. Nimeuchota kwa kiganja. Umejaa.

Nimefunika ndoo. Nimekuja chumbani.

Kupitia uwazi wa mlango namwona Shemeji. Amekaa kwenye kiti mbele ya kizimba, amevaa glavu zake za kuchomelea, zile za ngozi hadi kiwikoni, na Bi Harusi amelala katikati ya viganja vyake. Tangu saa tano yuko hivyo, amesema Dada, ili asianguke tena. Jasho linamtiririka. Amefumba macho yote mawili asimtazame usoni, lakini mikono haitikisiki. Anamwambia, "Tulia mama, tulia, hata mimi naogopa."

Dada yuko kwenye kochi, miguu juu ya mito. Nimepita pale akanishika mkono. Akaniambia nisijilaumu. Mayai kukwama hakuna aliyekosea, ni bahati mbaya tu. Amesema wewe ulifanya kila kitu.

Saa kumi na nusu sasa. Namba ya daktari imebandikwa kwenye kabati, pale pale juu ya kochi. Kuipata lazima nipite mbele ya Dada, na nikipiga atasikia kila neno. Kesho saa tatu daktari anakuja na kisu chake.

Mayai hayajakwama. Sidhani. Tangu tarehe kumi Bi Harusi amekula unga siku mbili tu, Jumapili mbili. Siku nyingine zote nilimpa nyenje watupu, na jana, nilipoulizwa, nilisema kila asubuhi. Nilisema kwa sababu Dada alikuwa ananitazama vile.

Hapa nimeandika. Kule nje bado sijasema.