Chambo cha Saluni

Jumanne, 3 Septemba

Wateja wawili asubuhi. Mmoja kusuka, mmoja kuosha na kukausha. Umeme ukakatika, wa kukausha nikampeleka nje akakae juani. Hakulalamika.

Baba amerudi mchana na kambale mmoja mdogo, matope mpaka magotini. Amechimba minyoo tena kule bondeni, ukingoni kabisa mwa mto. Kiangazi hiki ardhi imekauka kila mahali, jembe linadunda. Minyoo imebaki kwenye tope la mto tu. Na mamba naye yuko hukohuko. Mama Neema, jirani yangu muuza mboga, anasema jana mbuzi wa mtu amevutwa palepale wanaponyweshea. Mbuzi mkubwa.

Nimemwambia Baba. Ilibidi niseme mara mbili kwenye sikio la kulia, la kushoto halisikii kabisa. Akasema mamba hana shida na mzee, nyama ngumu. Akacheka peke yake.

Sikucheka. Naogopa.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimempigia kaka Ramadhani, yuko Handeni. Kasema nimzuie. Rahisi kusema ukiwa Handeni. Nitamzuiaje baba yangu? Nimfungie mlango? Kule kijijini kwetu alivua bwawani maisha yake yote, mamba alikuwa anamsikia kwenye hadithi. Tangu Mama afariki na yeye kuhamia kwangu hapa Korogwe, hana shamba, hana mtu wa rika lake. Ana ndoana. Nikimnyang'anya na hiyo atakaa kibarazani kungoja kufa. Nimewaona wazee wa hivyo.

Kwa hiyo avue, ila aache kuchimba. Wazo hilo limenijia leo nikisuka. Kwenye simu kuna video za watu wa nchi za mbali wanaovua kwa minyoo ya plastiki laini, wanajitengenezea wenyewe nyumbani. Wana mitambo yao. Mimi nina sufuria.

Ijumaa, 6 Septemba

Yeboyebo, vile viatu vya plastiki. Nilikatakata zile za pinki zilizochanika, nikaziyeyusha kwenye sufuria kuukuu juu ya mkaa, mlango wa nyuma wa saluni. Moshi mweusi ukaingia wote ndani. Mteja akatoka nje nusu kichwa kimesukwa, anakohoa. Nimemmalizia kwenye genge la Mama Neema, katikati ya mchicha na nyanya. Aibu.

Kilichotoka ni donge gumu kama kisigino. Macho yanawasha mpaka sasa. Sirudii. Moshi ule si wa kuvutwa na binadamu.

Jumapili, 8 Septemba

Tyubu ya baiskeli. Nimeikata nyembamba kwa wembe. Angalau haina moshi. Baba ameondoka nayo ili kunifurahisha tu, niliona. Jioni kaleta majibu: kambale anaigusa, anaitema. Ngumu. Naye alipoona hivyo akashuka kuchimba.

Nimefua suruali yake. Nilikuwa na hasira, nimeisugua mpaka mshono umeachia.

Jumatano, 11 Septemba

Jelatini ya unga, ile ya kutengenezea jeli, nikachanganya na glisirini ninayowapaka wateja wenye ngozi kavu. Nikamimina kwenye mirija ya soda, ikaganda, nikaisukuma nje. Inanesa, inateleza. Ungeapa ni mnyoo. Nilifurahi mapema.

Baba akauliza imetengenezwa na nini. Nikasema ngozi na mifupa. Ya mnyama gani? Nikasoma pakiti mbele na nyuma, haikusema. Akairudisha mezani kwa ncha ya kisu, akaenda kunawa. Sikubishana. Hapo ana haki.

Na mchana nilipozirudia zilikuwa zimekuwa uji, sisimizi wamejaa. Kama zimeshindwa na jua la uani, mtoni zingefanya nini?

Nimechoka. Kila nikisikia watu wanaitana upande wa mtoni, moyo unaruka.

Jumamosi, 14 Septemba

Rashidi, fundi wa madirisha ya aluminiamu hapa jirani, alikuwa anaziba kioo. Gundi yake ya silikoni ilidondoka jana, imekauka sakafuni, nikaibandua kwa kucha. Laini. Unaivuta, inarudi. Nikainyonga, haikukatika. Nikabaki nimesimama pale kama mjinga. Akanipa iliyobaki, akauliza naziba wapi. Nikamwambia naziba njia ya Baba. Hakuelewa.

Mbichi inanata kama ulimbo. Vidole vilishikana nikadhani nitaenda hospitali. Kumbe dawa ni maji ya sabuni ya vyombo. Unaikamulia kwenye beseni, unaikanda humohumo, hainati. Kisha nikasokota viganjani kama ninavyosokota rasta. Hapo mikono ikajua kazi. Hina kidogo kwa rangi, ikatoka kahawia ya tope. Matone ya mafuta ya mtoto ili ilegee zaidi. Fungu la kwanza nilizidisha mafuta, limebaki kamasi. La pili limekaa sawasawa.

Tatizo ni kwamba linanuka siki.

Jumapili, 15 Septemba

Baba ameinusa. Akasema samaki hawali achari, akairudisha. Basi.

Nimezianika juu ya bati. Zikikauka kabisa nitazifukia kwenye dagaa wa kusaga.

Jumanne, 17 Septemba

Siki imeisha. Sasa zinanuka dagaa, na mimi pia. Mteja wa leo kasogeza kiti.

Nimezitia kwenye kopo tupu la mafuta ya nywele, nikamtilia Baba mfukoni mwa koti. Ameliacha humo bila kulitazama. Kabeba jembe lake kama kawaida. Mama Neema anasema mamba kaonekana tena, akina mama wanaofua wamehamia upande wa juu wa mto. Baba kasema wanawake wa sokoni wana maneno mengi.

Nimesali zaidi ya kawaida.

Jumatano, 18 Septemba

Naandika polepole.

Mchana Mama Neema alikuja anakimbia, miguu mitupu. Mamba katoka pale kwenye tope, watu wamemwona kwa macho, kamkosa mbwa. Mteja wangu alikuwa na dawa kichwani. Nikamwomba Mama Neema amwoshe kabla haijamchoma, nikakimbia.

Nilichokuta: jembe la Baba limechomekwa kwenye tope, limesimama. Mkebe wake wa minyoo umelala ubavu, mtupu. Baba hayupo. Watu wamejipanga juu, mbali, wananyooshea vidole alama ya kitu kilichoburuzwa mpaka majini. Kila mtu anasema lake. Mmoja anasema ni tumbo la mamba, mwingine ananitazama tu.

Nikaita. Namwita mtu asiyesikia. Niliita Baba, nikaita Mzee, mwisho nikaita Athumani. Sijawahi kulitamka jina la baba yangu hivyo tangu nizaliwe. Nilitaka kushuka, mwanamke mmoja akanikamata kiunoni, hakuniachia. Simjui. Nikimwona nitamshukuru.

Niliamini amekufa. Naliandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilishaanza kufikiria nitamwambiaje Ramadhani, na tutazika nini.

Kijana wa bodaboda alisimama barabarani, akauliza kuna nini. Akaelezwa. Akasema mzee mwenye koti la kijivu? Mbona yuko kwenye mawe, karibu na daraja, nimempita sasa hivi.

Nilikimbia. Kanga ilibaki njiani, mtu aliniletea baadaye. Na kweli yupo. Amekaa juu ya jiwe kavu, mbali na maji, mshipi umevutika, anapigana na kambale wa kutosha kuita majirani. Aliponiona akakunja uso.

"Saluni umemwachia nani?"

Nikakaa chini kwenye changarawe nikalia kama mtoto. Alidhani nyumba imeungua. Nilipopata pumzi nikamweleza sikioni, neno kwa neno: mamba, tope, jembe lako. Aligeuka akautazama mto upande wa chini, muda mrefu. Kisha akamtoa kambale ndoana, akanionyesha mnyoo wangu wa hina. Umetafunwa mkia.

"Nilichimba, minyoo hamna, jembe nikaliacha palepale," akasema. "Nikaona nijaribu takataka zako."

Hivyo tu. Hakuwa amenisikiliza. Hakuwa ameogopa. Minyoo ilikosekana, na mfukoni mlikuwa na kopo. Alhamdulillahi. Nalirudia: Alhamdulillahi.

Alhamisi, 19 Septemba

Jembe hatukulifuata. Libaki huko.

Jana jioni Baba hakumgusa kambale wake, alisema ameshiba. Leo baada ya chai kaniambia, macho yako ukutani, kwamba alichimba pale mpaka jua likawa kali, akiwa ameupa mto mgongo. Ina maana amepiga hesabu mwenyewe, mamba alikuwa karibu kiasi gani. Nikamshika mkono.

Ramadhani kapiga. Nimemsimulia yote. Kasema ahsante. Kaka hajawahi kuniambia ahsante.

Jumapili, 22 Septemba

Baba sasa ana masharti. Ziwe fupi. Mkia uwe mwembamba zaidi. Hina izidi, zile zilizopauka samaki hawana habari nazo. Leo kakaa na mimi kwenye beseni, tumesokota pamoja. Zake zinatoka nene kama soseji. Sijamwambia.

Nami nimeweka sharti moja: zilizochakaa arudi nazo, asizitupe mtoni. Samaki akimeza silikoni itamkaa tumboni. Amekubali bila ubishi. Nilimtazama mara mbili kuhakikisha ni yeye.

Jumamosi, 28 Septemba

Harusi. Vichwa tangu alfajiri, bibi harusi, dada zake, shangazi, mama mkwe mwenye nywele chache na maneno mengi. Sikukaa.

Baba alikwenda kwenye mawe asubuhi. Nilimsahau kabisa mpaka aliporudi.

Jumapili, 20 Oktoba

Mvua tangu usiku, nzuri, ya kutulia. Hakuna mteja. Baba hakwenda mtoni. Kaja saluni akakaa kwenye kiti kikubwa, akasema ndevu zinamwasha. Nikampaka povu, nikaanza shavu la kulia. Nje Mama Neema alikuwa anafunika mboga zake na turubai, akaniita: shoga yangu, leo umepata mteja mzuri. Nilipofika kidevuni Baba alikuwa ameshasinzia.

Nikaweka wembe pembeni. Nikakaa kiti cha pili, nikamwacha alale na povu lake.