Nilicheka Mbele ya Wakwe Waliovaa Barakoa

Mama Speciosa mshauri wetu, amahoro. Kabla hujaniuliza mimi ni nani, uliza pwani yote kuanzia Minago mpaka Kabonga, watakwambia hakuna binti aliyeposwa kwa heshima upande huu wa ziwa bila mdomo wangu, mimi ndiye msemaji wa familia, na hata familia zisizo zangu huja kuniazima, kuna wakwe wa Nyanza-Lac nilisema nao mpaka wakaongeza ng'ombe wa pili bila kuombwa, wakamleta wenyewe wakiimba, na hata kiboko nimewahi kusema naye, alikuwa amelala pale tunapoingizia mitumbwi nikamwambia kwa adabu, muzee, tunaomba njia, akanyanyuka akaenda zake, walioona wapo hai, waulize. Sasa mtu kama mimi ndiye leo anakuomba msaada, maana mtoto niliyemlea kwa mikono yangu anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo na mimi nimekatazwa kufika.

Mtoto huyo ni Irakoze. Baba yake alikuwa kaka yangu, tulimzika kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania kabla hatujarudi kwetu, nikarudi naye akiwa mdogo, nikamsomesha kwa mawese na kwa samaki mpaka akawa muuguzi, na mpaka leo ananiita Baba Mudogo, wala hajawahi kuniita kwa namna nyingine.

Ugonjwa huu wa korona ulipofika na watu wakaanza kuvaa barakoa, ambazo sisi huku tunaziita kashe-nee, mimi nilitoa msimamo wangu mapema. Pale kwenye mashine ya mawese niliwaambia vijana kwamba mwanaume anayefunika mdomo ana kitu anaficha, ama ameiba mbuzi ama amekula mahari ya dada yake, wakacheka mpaka wakazivua zao wakafutia mafuta mikononi. Nyumbani kwangu nikaweka sheria, anayeingia aivue mlangoni kama viatu. Irakoze alikuja akanisihi, akaniambia wagonjwa aliowaona wakivuta pumzi kama samaki aliyetupwa mchangani, nikamjibu kwamba mimi nimevuka ziwa hili kwenye mawimbi marefu kuliko kanisa na sikufunikwa na kitu, itakuwa kitambaa?

Basi ikafika siku ya kuposa. Bwana harusi ni Olivier, mtoto wa Muzee Mulamba, hao ni watu wa Kivu ya Kusini waliohamia Rumonge wanauza samaki wakavu, watu wazuri, sina neno nao. Irakoze alishona barakoa za kitenge, akaziweka kwenye kikapu pale kwenye lango, akasema hakuna anayelazimishwa, kila mtu achague mwenyewe. Wakwe walichukua wote. Kwetu pia walichukua, hata mke wangu Ernestina, hata binamu yangu Dismasi, mwalimu wa shule ambaye huwa anasubiri kuona mimi nafanya nini ndipo na yeye afanye. Mimi peke yangu nilikipita kikapu kile kama sikioni, nikaenda kukaa kwenye kiti cha mbele, mdomo wangu uko wazi kama Mungu alivyouumba.

Wewe unajua siku hiyo inavyokwenda, msemaji wa wageni anajifanya amepotea njia, msemaji wa nyumbani anajifanya hajui wamefuata nini, wanataniana, wanachekeshana, na anayecheka vizuri ndiye anayeheshimika. Safari hii Muzee Mulamba alisimama mwenyewe, akasema maneno marefu nyuma ya barakoa yake. Kumbe alikuwa anatuambia kwamba dada yake, yule aliyemlea Olivier, amekufa Uvira kwa ugonjwa huo huo, amezikwa na watu waliovaa plastiki, na wao wako huku hawakuweza kuvuka mpaka uliofungwa kumtupia hata udongo, akaomba tunyamaze kidogo kabla ya kuanza habari ya mahari.

Na mimi nikacheka. Sikucheka kidogo, nilicheka kile kicheko changu cha kazi kinachosikika mpaka barabarani, nikajipiga kofi gotini, nikasema kwa sauti, "Mupatieni muzee bia ingine, amenifurahisha sana."

Mama Speciosa, hakuna aliyegomba. Wakwe walisimama, wakaacha chupa zao nusu, na unajua kwetu kuacha chupa nusu ni tusi kwa mwenye nyumba, Olivier akamshika baba yake mkono wakatoka polepole.

Mazungumzo yaliendelea baadaye bila mimi, Dismasi akapewa nafasi yangu, Dismasi ambaye akisimama kusema utadhani anasoma imla. Wakwe walikubali mambo yaendelee ila wakasema hawawezi kukaa mahali nilipokaa mimi. Na Minago yote inasema nilimcheka maiti kwa sababu nachukia barakoa. Waliponiuliza kwenye kabare, pale tunapokunywa bia, nikasema ndiyo, nilicheka makusudi, nilitaka kuwafundisha kwamba mbele ya msemaji hakuna anayeongea na kitambaa mdomoni. Niliposema hivyo mara ya kwanza niliona wameshtuka, basi nikasema tena kwa nguvu zaidi. Sasa nikiingia watu wanakunywa haraka wanaondoka.

Irakoze alikuja. Alisimama uani, mbali kidogo na mlango, akaishusha barakoa yake mpaka kidevuni, akasema polepole kama anamlisha mtoto uji.

"Baba Mudogo, niambie tu kama hukusikia. Ukisema hivyo, nitaenda mimi mwenyewe kwa Muzee Mulamba."

"Mimi? Nilisikia kila neno."

"Kila neno?"

"Kila neno. Masikio yangu yanasikia samaki akigeuka chini ya maji."

Akasema, "Basi ku ndoa yangu usikuje." Halafu akaipandisha barakoa, akasema na kitu kingine ambacho sikukipata, akaondoka.

Sasa naomba unishauri, niende kwa nguvu na koti langu jipya niketi mbele, maana mimi ndiye baba, na nani atanitoa? Au ningoje wakwe waje kuniomba radhi, maana wao ndio walioanza kwa kuja kusema na mtu huku wamefunika midomo? Ernestina anasema niandike ukweli au nisiandike kabisa, na amekaa hapa hapa ananichungulia kalamu.

Haya. Ukweli ni kwamba sisikii. Siyo kwamba ni kiziwi, usiandike kiziwi, ila miaka mingi nilikaa ubavuni mwa moteri ya boti kati ya Rumonge na Kigoma, ikala sikio la kushoto na la kulia ikaacha nusu, na tangu hapo nafuata midomo ya watu. Nikiuona mdomo najua unasema nini, hakuna aliyewahi kunigundua, ila Ernestina tu. Zilipokuja barakoa midomo yote ikapotea siku moja, kanisani, sokoni, kila mahali nikaona macho tu, nikadhani watu wananong'ona juu yangu. Siku ile ya kuposa niliona Muzee Mulamba amenyamaza, amefungua mikono, wamama wa upande wao wameinamisha vichwa na mabega yanatikisika, na ukifunika mtu mdomo, anayelia na anayecheka wanafanana. Nikadhani nimechelewa kucheka. Na huko kabareni nasema sana, Mama Speciosa, siyo kwa kuwa nina mengi ya kusema. Nikisema mimi, hakuna anayenisemesha.

Ni mimi, R., Minago.

MAMA SPECIOSA ANAJIBU

Bwana R., murakoze kwa barua, na umpe Ernestina asante mara mbili.

Nimekuonea huruma, na nimekukasirikia, tena vyote pamoja. Masikio kuharibika siyo kosa. Wakati sote tulipofunika midomo, watu kama wewe mlifungiwa nje na sisi wengine hatukuwaza hilo hata siku moja. Hilo ni lawama yetu. Lakini yaliyofuata ni yako. Ulikuwa na njia ya kusema "ndugu zangu, pazeni sauti, sisikii," maneno ambayo mtoto wa shule anaweza kuyasema, wewe ukachagua kuwazuia watu wasijikinge na ugonjwa ili uendelee kuwaona midomo. Vijana wale wa mashine ya mawese walikuamini. Sijui kama kuna aliyeugua kati yao, na wewe hujui, maana hukuandika kama uliwahi kuuliza. Nenda ukaulize.

Halafu tazama ulichokifanya baada ya kicheko. Ulikuwa mtu aliyekosea bila kujua, ukatoka mwenyewe ukajitangaza kuwa mtu aliyemcheka maiti. Umeona ni afadhali watu wakuite katili kuliko wakuite kiziwi. Ndiyo, nimeliandika, ulilikataza na nimeliandika, kwa sababu neno hilo ndilo limekuharibia nyumba na halina ubaya wowote. Na Irakoze, binti anayewahudumia wagonjwa kila siku, unadhani hakujua? Alikuja akakuwekea jibu mdomoni, ulichotakiwa ni kusema ndiyo. Ukamletea habari za samaki chini ya maji.

Sasa nisikilize, au unisome, maana kusoma hakukusumbui. Harusini usiende kwa nguvu. Koti lako liache likining'inia. Kwanza utakwenda kwa Muzee Mulamba, wiki hii, asubuhi, mkae nje penye hewa, na utavaa barakoa, utaivaa vizuri mpaka puani. Hutaeleza boti, hutaeleza ziwa, wala hutalaumu kitambaa cha mtu. Utasema: sikusikia, nilidanganya kwamba nilisikia, na pole kwa dada yako. Mwulize huyo dada aliitwa nani. Hujaniandikia jina lake, na nadhani ni kwa sababu hulijui.

Huenda asikusamehe. Mtu aliyeshindwa kumzika dada yake akachekwa mbele ya watoto wake hana deni la kukusamehe kabla ya Jumamosi. Akikukataa, mshukuru kwa kukusikiliza, uondoke, na siku ya harusi ubaki nyumbani bila kumchongea mtu. Akikukubali, utaketi nyuma, karibu na mkeo. Nafasi ya usemaji ni ya Dismasi. Mwache asome imla yake.

Na yale uliyoyasema kabareni, yarekebishe hapo hapo kabareni, kwa sauti ile ile. Hapo najua utaona aibu kuliko popote. Vumilia. Halafu nenda ukapimwe masikio, pengine kuna la kufanya na pengine hakuna, lakini angalau utakuwa unajua, na watu watajua wakusemeshe vipi: wasimame mbele yako, waseme polepole, na likishindikana waandike.

Ila kabla ya Muzee Mulamba anza na Irakoze, leo. Usimtume Ernestina. Nenda mwenyewe kwenye kituo cha afya anapofanya kazi, vaa barakoa langoni, umngoje amalize wagonjwa wake. Mwambie, "Mwanangu, sikusikia." Ukishasema hivyo nyamaza. Najua ni vigumu kwako, nyamaza hivyo hivyo, umwache aseme yote aliyonayo, hata yakiwa makali. Na usipolipata jibu lake, mwambie arudie.