Sukari ya Mgonjwa

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla Jumatatu haijanifikia. Naishi Karagita na nafanya kazi kwa shamba la maua, mimi ni wa kukata waridi, na vile msimu wa Valentine umefika tunakata mpaka giza, sasa mkono wa kulia ukaanza kufa ganzi nikanyamaza, nikafunga leso nikaendelea, mpaka asubuhi moja nikashindwa kumfunga mtoto vifungo vya sweta, akaniambia, "Mum, wacha tu, nitaenda hivyo," nikalia. Daktari akaandika nipumzike wiki tatu, akasema nikirudi mapema huu mkono utaharibika kabisa.

Jumapili supavaiza wetu Valarie akaja na wenzangu kuona mgonjwa, wakaleta sukari na unga, wakajipanga kitandani kwa sababu chumba ni kimoja, tukaimba, na Valarie akafunga na maombi akasema, "Baba, mwinue Chemutai, Jumatatu ijayo tumwone kazini," wote wakasema amina, hata mimi. Tangu hapo simu haziishi, kila mtu ananikumbusha ile amina, eti wanakata mistari yao ya waridi na yangu, na nimekasirika sana lakini sukari yao ndiyo tunanywa nayo chai. Nitawakataaje watu waliokuja kuniombea? Mwandiko huu ni wa jirani yangu Joan, kalamu haikai mkononi mwangu.

Chemutai, Karagita

Chemutai mama, pole sana, na ukae chini nikugombeze kidogo. Mkono umeshindwa na kalamu, halafu unaniuliza kama ushike mkasi? Nimesoma hapo mara mbili.

Kuona mgonjwa ni jambo zuri, hata mimi huenda na sukari yangu kwa mkoba. Lakini hiyo sukari ni ya mgonjwa kunywa, hakuna mahali imeandikwa ni advansi ya mshahara. Na amina uliyosema ilikuwa ya kupona. Mungu hapangi zamu za Valarie.

Wenzako siwalaumu sana, wamechoka kama wewe. Ila kazi ya kutafuta mtu wa mistari yako ni ya shamba. Hao wanaongoja waridi huko mbali, hakuna hata mmoja atakuja kumfunga mtoto wako sweta.

Kwa hivyo Jumatatu huendi. Karatasi ya daktari ibaki kwako, kopi Joan aipeleke moja kwa moja ofisi ya shamba na waigonge muhuri wa kupokea. Likizo ya ugonjwa ni haki yako kisheria, usiombe kama msaada. Wakianza vitisho vya kukufuta kazi, tafuta mwakilishi wa chama cha wafanyakazi siku hiyo hiyo, au ofisi ya leba, ile ya serikali. Na hiyo simu izime, mama, ulale.

Wakirudi Jumapili wakaribishe vizuri. Waambie wajipikie chai, sukari wanaijua iko wapi. Maombi yakifika, funga wewe. Omba kwa sauti Valarie asikie: Mungu awape wakubwa wa shamba moyo wa kuandika watu zaidi kila msimu. Halafu ngoja waseme amina.

Barua ijayo iandike wewe mwenyewe. Mpaka nione mwandiko wako, usiguse mkasi.