Springi ya Kilo Sitini

Kaka Aminieli,

Mwandiko umepinda kwa sababu naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umeuharibu wewe, naupeleka zahanati.

Uji uko kwenye chupa. ~~Viazi nimekufunikia.~~ Viazi nimempa mbwa.

Asubuhi nilikuwa nabana springi yangu ya mazoezi ya kiganja, ile ya kilo ishirini, taratibu, mara kumi na mbili, kama kocha alivyotufundisha: usipofika kumi, hiyo si saizi yako. Ukaja na taulo begani. “Hiyo ni ya kubania nguo kambani, mdogo wangu. Shika ya wanaume.” Nikaishika ya kwako ya kilo sitini, vidole vikiwa bado vya baridi. Hapo nilikosa, nakubali. Lakini kifundo cha mkono kilipouma nikataka kuacha, ukasema maumivu ndiyo mazoezi. Nikabana tena, kikalia ko.

Jumamosi tunavuta kamba na timu ya kata ya Sokon I, na mwisho wa kamba nasimama mimi. Nimeingojea siku hiyo tangu Januari, na unajua.

Sasa, ng'ombe hajakamuliwa, na Mama yuko kanisani mpaka mchana. Ndoo iko mlangoni. Muoshe chuchu kwa maji ya vuguvugu na usizivute, atakupiga teke. Kazi hiyo naifanya kila siku tangu darasa la sita.

Ukimaliza, bana hiyo springi yako ya wanaume, halafu uandike hapa chini umefika mara ngapi. Usidanganye, kikombe cha chai kitakutetemekea mkononi kikuumbue.

Kitindamimba wenu