Kocha Randa, Aliyekataa Kumtoa Mchezaji

Leo umetimia mwaka, baba, tangu asubuhi ile karakana yako ifunguliwe na mtu mwingine. Funguo alizichukua kwa mkeo, na jioni akatuma salamu kwamba meza yako ya kazi hajaigusa. Bado inanuka gundi, na chai uliyokuwa ukiimwaga kila ulipocheka.

Ulikuwa seremala wa shule ya sekondari ya wasichana kwa miaka ishirini na sita. Ukocha ulikuangukia tu. Mwalimu wa michezo alihama, ukaitwa kutengeneza ubao wa kikapu uliokuwa umeoza, ukawakuta wasichana kumi na mmoja wamekaa chini, wameshika tama. Ulipomaliza kupigilia misumari hukuondoka. Hukuwahi kucheza mpira wa kikapu hata siku moja, wala hukumficha mtu jambo hilo. Wasichana wakakuita Kocha Randa, na jina likakuganda mpaka nyumbani.

Mazoezi yako yaliwaacha watu vinywa wazi. Ulibeba viti vilivyoletwa karakana kutengenezwa, ukavipanga uwanjani, na wasichana wakacheza mechi nzima wamekaa. Aliyenyanyuka alinyang'anywa mpira. "Mpira una mbio kuliko nyinyi wote," uliwaambia. "Uacheni ukimbie wenyewe." Siku nyingine uliwapa mgongo, unapiga randa kipande cha mbao, na bado ukajua nani anadunda mpira kwa hasira. "Wewe mrefu, leo umegombana na nani?" Msichana akabaki amekodoa macho. Kocha wa shule jirani aliuliza kama timu yako inajiandaa kwa mechi au kwa kikao cha wazazi. Ulicheka kuliko yeye.

Lakini kilichokutia matatani ni kanuni yako moja. Hukumtoa mchezaji. Kamwe. Aliyechoka, aliyeumia, aliyeona leo si siku yake, alinyoosha mkono mwenyewe, kiganja wazi. Mchezo uliposimama alitoka, mwenzake akaingia, na hakuna aliyemuuliza sababu. Mkeo, aliyekuja na ndoo ya maji mechi zote, ndiye aliyempokea kwa kikombe. Hata yeye ulimkataza kuuliza.

Tunaikumbuka ile nusu fainali. Nahodha wako, yule mrefu, alikuwa anachechemea, na watazamaji wote wanapiga kelele: "Kocha, mtoe! Huoni?" Ukakunja mikono. Mkuu wa shule akaja mwenyewe mpaka kwenye benchi.

"Fundi, mtoto ataumia. Mtoe."

"Ananiona, mama. Akitaka kutoka, atasema."

"Kwani timu hii inaendeshwa na nani?"

"Na wenye miguu, mama."

Dakika mbili baadaye nahodha alinyoosha mkono, akatoka, akanywa maji yake. Mkafungwa kwa pointi tatu. Jumatatu ikaja barua ya onyo. Uliisoma mezani mbele yetu sote, ukaikunja vizuri, na kwa mara ya kwanza hukufanya utani. "Wasichana hawa wanaambiwa inuka, kaa, nyamaza, vumilia, tangu wanaamka mpaka wanalala," ulisema. "Na mimi nikiwaambia wamechoka lini, wao watajijua lini?" Binti yako, aliyekuwa kwenye timu hiyo, anasema hapo ndipo alipokuelewa. Kabla ya hapo alikuwa anakuonea aibu, na anataka ulijue hilo pia.

Wiki iliyopita tulikaa sebuleni kuandika tangazo hili. Binti yako alianza kama waanzavyo wengi: ulikuwa mume mwema, baba mpole, ulipambana na maradhi hadi dakika ya mwisho. Akatusomea kwa sauti. Mkeo alikuwa kwenye kochi anakunja nguo.

"Hiyo ya mwisho ifute," akasema.

"Mama, ni maneno ya kawaida tu."

"Nimesema futa. Baba yenu hakupambana mpaka mwisho. Mwishoni hakutaka tena."

Kisha akatueleza jambo alilokaa nalo mwaka mzima, rohoni, peke yake.

Mapafu yako yalikuwa yamekwisha, na bomba la hewa lilikuwa mdomoni, huwezi kusema. Ilikuwa mchana, wagonjwa wenzako wamemaliza kula. Ukautoa mkono wa kulia chini ya shuka, ukaunyoosha, kiganja wazi, ukamtazama. Mkeo hakuhitaji mkalimani. Mkono ule ameupokea kwa kikombe cha maji miaka nenda miaka rudi. Akaushika, akaushusha, akaufunika kwa shuka, akaanza kukupa habari za majirani. Siku ya pili ukaunyoosha tena. Akaushusha tena. Siku ya tatu hukuunyoosha.

Ndiyo siku daktari alipomwita pembeni, akamuuliza kama waendelee na mashine au wakuache upumzike. "Endeleeni," mkeo akamjibu. "Mwenyewe anataka." Sisi wanao tulimpongeza kwa kupiga moyo konde. Ukaishi siku nyingine ishirini na mbili, na wote tulioingia wodini tuliona zilivyokuwa.

"Mama, ulikuwa umechanganyikiwa," mwanao mkubwa akamwambia. "Ungejuaje?"

"Nilijua," akasema. "Usinipunguzie. Nilijua anasema nini, nikasema uongo, kwa sababu sikuwa tayari kurudi nyumba hii bila yeye."

Binti yako akamwondolea zile nguo mapajani, akakaa naye, wakalia. Mwanao akabaki amesimama katikati ya sebule kama mtu aliyesahau alichokijia. Halafu akasema kwamba siku ile ya pili alikuwa mlangoni mwa wodi. Aliuona mkono wako. Alidhani unampungia, baba, na yeye akakupungia. Kutwa nzima aliwaambia watu kwamba umepata nguvu.

Kwa hiyo hatutaandika kwamba ulipambana. Tunaandika kwamba ulichoka, ukasema, na sisi tuliokupenda ndio tuliokunyima. Zile siku ishirini na mbili zilikuwa zetu, hazikuwa zako. Tulikaa karibu yako, tukakushika miguu, tukakunyoa ndevu, mjukuu wako akakuimbia. Tulizifurahia, na hiyo ndiyo inayotuuma. Tunakuomba radhi.

Wanaokukumbuka ni mkeo, mwanao mkubwa na mkewe, binti yako, wajukuu zako wawili, ambao mdogo wao bado anauliza nani atamtengenezea kigari chake, dada yako, aliyekulea na hakuwahi kukuita kocha hata siku moja, mafundi wenzako wa karakana, na wasichana wa timu, ambao sasa ni mama za watoto, wauguzi, makarani, na mmoja ni refa anayeogopwa kila anakokwenda. Sote hatutakusahau maisha yetu yote.

Chini ya picha yako tulitaka kuweka beti mbili tatu za kukusifu. Mkeo amekataa. Amesema pawekwe maneno yake tu, kama alivyoyatamka, na hayo hapa:

"Uliniambia, na mimi nilikusikia. Nakiri mbele ya watoto. Pumzika sasa, mume wangu. Nyumbani nitazoea."