Wimbo Ambao Veronika Hana

Jumamosi usiku

Na bado wivu haujaniisha. Binamu yangu Veronika alikuja kutoka Dar na kinasa sauti chenye vitufe vingi, akamrekodi bibi yetu akiimba Kikonongo, na sasa Kabungu nzima wanausikiliza wimbo huo kwenye simu. Mimi ndiye ninayeishi na Bibi. Mimi hajawahi kuniimbia.

Leo nimekwenda Mpanda mjini kutafuta kikubwa kuliko cha Veronika. Muuzaji akaniuliza, "Dada, una studio?"

"Hapana. Namrekodi bibi yangu, nyumbani."

"Basi chukua hiki kidogo. Kinatumia betri, unabonyeza hapa tu."

Nilikichukua shingo upande. Veronika angekiona angecheka.

Jioni nilikiweka kwenye kigoda mbele ya Bibi, nikamwomba wimbo uleule.

"Ule nilishampa mwenzio," akasema. "Wewe nitakuimbia niliokuwa nambembelezea mama yako."

Mama alifariki sijajua hata kutembea. Niliinamisha kichwa mpaka Bibi akamaliza.

Veronika amesikia nimenunua kinasa sauti; ametuma meseji, anauliza nimerekodi nini. Sijamjibu. Huu simpi.